Bangi ya kidato cha tatu

Alikuja dukani saa mbili usiku, nikikaribia kufunga, akasubiri mpaka mteja wa mwisho aondoke na dawa yake ya mafua. Kisha akafungua fundo la khanga na kuweka juu ya kaunta kitu kilichoviringishwa kwenye karatasi ya daftari. Mistari ya bluu bado ilionekana, na upande mmoja ulikuwa na mwandiko wa somo la Jiografia. Chembamba kama kidole cha mwisho, ncha zote mbili zimesokotwa.

"Dokta, nimekikuta kwenye begi la mwanangu. Ndiyo yenyewe?"

Ndiyo yenyewe. Harufu ilikuwa imeshatangulia. (Huku kwetu kila muuza dawa ni dokta, nami nimeacha kubisha.) Nilianza kwa kumwomba akirudishe kwenye khanga na akitoe dukani kwangu, maana kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 kukutwa na bangi ni kosa, na askari akiingia hatauliza sana ni ya nani. Yeye hakuwa na habari ya askari. Alikuwa na swali moja: "Atakuwa chizi?"

Mtoto ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Swali la mama yake nimelisikia kwa wazazi wengi. Upande wa pili nawasikia vijana wenyewe, wanaokuja kununua dawa ya macho ya kuondoa wekundu wakidhani sijui ni ya nini. Nikiwagusia wananijibu, "Anko, haya ni majani tu, yameota yenyewe." Mama anaamini kuvuta mara moja kunamfikisha mtu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kijana anaamini bangi ni ndugu wa mchaichai. Wote wawili wamekosea, ila kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, na ndiyo maana hawasikilizani.

Karibu kila kitu tunachokijua kuhusu bangi na vijana kinategemea mambo manne: alianza akiwa na umri gani, anavuta mara ngapi, anachovuta kina ukali kiasi gani, na kwenye ukoo wao kuna nini. Ukiondoa hayo manne, maneno "bangi ni mbaya" na "bangi haina shida" hayamwelezi mtu chochote.

Konda anayegonga bodi

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya mia moja. Inayolewesha ni THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kuutambua muundo wake nchini Israeli mwaka 1964. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kujua inakamatia wapi. Mwaka 1988 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba kwenye ubongo kuna vipokezi maalumu, ambavyo leo vinaitwa CB1. Hapo mtu anajiuliza: ubongo wa binadamu una kazi gani na tundu la ufunguo wa bangi? Jibu lilipatikana mwaka 1992. Mwili hutengeneza ufunguo wake wenyewe. Waliogundua waliuita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu.

Kazi yake ni hii. Panda daladala. Dereva yuko mbele, konda yuko mlangoni. Konda akigonga bodi, dereva anapunguza mwendo. Kwenye ubongo, seli ya neva inayotuma ujumbe ndiyo dereva, na ile inayopokea ndiyo konda. Ujumbe ukizidi, seli inayopokea hutoa kidogo kemikali ya jamii ya anandamaidi inayorudi kwa mtumaji kumwambia apunguze. Inagonga, inavunjwavunjwa papo hapo, safari inaendelea. THC ni abiria mlevi aliyegundua kwamba akigonga bodi gari linapunguza mwendo. Anagonga kwa muda wa saa mbili, hata tatu, bila mpango, hata mkiwa katikati ya Daraja la Mfugale.

Vipokezi hivyo vimejaa kwenye hipokampasi, inayotunza kumbukumbu mpya. Kwenye ubongo mdogo wa nyuma unaolinganisha mwili. Kwenye sehemu za hofu na za raha. Na kwenye sehemu ya mbele inayopanga mambo. Ndiyo sababu aliyevuta husahau sentensi aliyoianza mwenyewe, dakika zinarefuka, ugali wa jana unakuwa karamu. Kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi, vipokezi ni vichache mno, kwa hiyo bangi peke yake haizimi pumzi kama heroini. Hilo la mwisho ni kweli na vijana wanalijua vizuri. Shida ni kwamba wanalichukua kama cheti cha usalama wa mambo mengine yote.

Wakati wa kupogoa

Kama athari zingeishia kwenye zile saa tatu za kugongewa bodi, makala hii isingekuwa na haja. Mtu wa miaka 40 anayevuta Jumamosi jioni, stimu ikiisha, ubongo wake unarudi karibu pale ulipokuwa. Kijana hali yake ni nyingine kwa sababu ubongo wake uko katikati ya kazi.

Waliokulia Moshi, Bukoba au Mbinga wataelewa haraka. Mbuni usiopogolewa hujaa matawi na majani, buni kiduchu. Mkulima hukata machipukizi yasiyozaa ili nguvu iende kwenye tawi linalozaa. Ubongo wa mtoto huwa umeshakaribia ukubwa wa ule wa mtu mzima kabla hata hajamaliza shule ya msingi. Kinachofuata, hasa kuanzia balehe, ni kupogoa. Njia za mawasiliano zinazotumika zinabaki na kuimarika, zisizotumika zinakatwa, na zile zilizobaki zinavikwa utando wa mafuta ili ujumbe upite haraka. Kazi hii huanzia nyuma kuja mbele. Sehemu inayomalizika mwisho ni iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kupanga, kujizuia na kupima matokeo kabla ya kutenda, na yenyewe huendelea kukomaa mpaka mtu anapofika karibu miaka 25.

Sasa fundo lenyewe: mfumo uleule wa anandamaidi ni mmoja wa wasimamizi wa upogoaji huo. Konda wetu, kumbe, ana kazi ya pili, ya kusimamia shamba. Anayemwaga THC humo kila siku akiwa na miaka 15 anaingiza mtu mwenye panga kati ya mibuni bila kumwambia akate lipi, aache lipi. Kwenye majaribio ya panya, waliopewa kemikali za aina hii wakati wa balehe walibaki na kasoro za kumbukumbu hata baada ya kuachishwa muda mrefu, ilhali waliopewa wakiwa wakubwa hawakubaki nazo kwa kiwango hicho. Panya si binadamu, na hakuna mtu mwenye akili atakayegawa bangi kwa nusu ya darasa ili aone itakuwaje. Kwa hiyo kwa binadamu tunategemea kufuatilia watu walivyojichagulia wenyewe, na hapo mambo yanaanza kukorogeka.

Pointi nane za Dunedin

Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti wanafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa kati ya 1972 na 1973. Walipimwa akili utotoni kabla yeyote hajaonja bangi, wakapimwa tena wakiwa na miaka 38. Mwaka 2012 matokeo yalitoka na kuzua mjadala dunia nzima. Walioanza bangi wakiwa vijana wadogo na wakaendelea kuwa waraibu kwa miaka mingi walikuwa wamepoteza takriban pointi 8 za IQ. Walioanza ukubwani hawakuonyesha anguko la namna hiyo. Na wale walioanza mapema, hata walipopunguza au kuacha, hawakurudi kikamilifu.

Pointi 8 si kidogo. Mtu wa katikati, anayewazidi nusu ya wenzake, akipoteza pointi 8 anabaki anawazidi chini ya theluthi yao.

Magazeti mengi yaliishia hapo. Ila miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2013, mchumi wa Norway, Ole Rogeberg, aliuliza swali ambalo mwalimu yeyote wa shule ya kata angeuliza: hao watoto walitoka nyumba za namna gani? Kama walioanza bangi mapema ndio walewale wa familia zenye shida, waliotoka shuleni mapema, IQ yao ingeweza kushuka bila msokoto hata mmoja. Watafiti wa Dunedin walijibu kwa takwimu na ubishi ukaendelea. Mwaka 2016 ukaja utafiti wa mapacha wa Marekani, watu 3,066, wengine kutoka California na wengine Minnesota. Waliotumia bangi walishuka kweli kwenye baadhi ya vipimo. Lakini walipomlinganisha pacha aliyevuta na pacha mwenzake asiyevuta, waliokula chungu kimoja na kulala chumba kimoja, hawakukuta tofauti ya maana. Na mwaka 2018 jopo jingine lilikusanya tafiti 69 za vijana. Lilikuta athari ndogo kwenye kumbukumbu na umakini, na ndogo zaidi pale ambapo mtu alikuwa ameacha kwa zaidi ya saa 72 kabla ya kupimwa.

Nani wa kumwamini? Mimi nasoma hivi. Kijana aliyejaribu mara chache hana ushahidi unaoonyesha kwamba akili yake imeharibika, na mzazi anayemwambia "umeshakuwa mjinga" anamdanganya. Kijana anayevuta karibu kila siku kuanzia miaka 14 au 15 kwa miaka mingi yumo kwenye kundi ambalo Dunedin ilikuta hasara, na mapacha wale, waliopimwa mwisho wakiwa na miaka 17 hadi 20, hawakufuatiliwa muda mrefu kiasi cha kumtoa shaka.

Halafu kuna jambo ambalo ubishi wa IQ unalifunika. Tuseme wapinzani wa Dunedin wako sahihi asilimia mia, kila kitu kinarudi mtu akiacha. Kinarudi lini? Mwalimu wa Hisabati anasema, "Fungueni ukurasa wa 40, swali la tatu, tumieni kanuni ya jana." Hayo ni mambo matatu ya kushika kichwani kwa wakati mmoja. Aliyevuta nyuma ya vyoo mapumziko ya saa nne anashika ukurasa, labda na swali. Kanuni ya jana imeyeyuka, kwa sababu jana pia alivuta na haikuingia. Hakuna pointi ya IQ iliyopotea hapo. Limepotea somo. Ubongo unaweza kurudi baada ya wiki kadhaa, lakini Baraza la Mitihani halisogezi tarehe kumsubiri. Kwa maoni yangu hasara kubwa ya bangi kwa mtoto wa shule ni hii, nayo haihitaji utafiti wa miaka 38 kuithibitisha. Daftari lake linatosha.

"Atakuwa chizi?"

Turudi kwa swali la mama. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 15 vijana wa kiume zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini miaka ya 1969 na 1970. Waliosema wameshatumia bangi zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili) mara sita zaidi ya wasiowahi kutumia. Waliposawazisha mambo mengine, tofauti ilipungua sana, lakini haikuisha. Mwaka 2019 timu iliyokusanya wagonjwa kutoka miji 11 ya Ulaya na Brazili ilikuta kwamba anayevuta kila siku ana uwezekano wa kupata saikosisi (hali ya kuona au kusikia visivyokuwepo na kuamini yasiyo kweli) takriban mara tatu ya asiyevuta. Anayevuta kila siku bangi kali, yenye THC ya asilimia 10 na kuendelea, takriban mara tano.

Mara tano inatisha mpaka uulize: mara tano ya nini? Tuchukue skizofrenia, ugonjwa wa jamii ya saikosisi: humpata mtu asiyefika mmoja kati ya mia katika maisha yake. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba ni mmoja kati ya mia, basi mara tano ni watano kati ya mia. Wavutaji 95 wa kila siku, tena wa bangi kali, hawatapata ugonjwa huo. Ndiyo maana kijana anakwambia, "Nawajua washkaji kumi wanavuta, hakuna chizi hata mmoja," na anasema kweli. Hesabu ya kumi haitoshi kuona kitu cha watano kwa mia. Lakini geuza upande wa pili: ungepanda basi la Mwanza lenye abiria 60 ukiambiwa watatu hawatafika?

Na ni kweli bangi ndiyo inayosababisha? Kuna njia tatu, na zote zina ushahidi kiasi. Bangi inaweza kumsukuma mtu ambaye tayari alikuwa ukingoni. Mtu anayeanza kuugua anaweza kuitafuta bangi ili anyamazishe kelele za kichwa kabla hata familia haijagundua. Na vinasaba vilevile vinavyoongeza hatari ya ugonjwa vinaweza kumfanya mtu apende bangi. Wataalamu wengi leo wanaamini njia ya kwanza ipo, ikishirikiana na hizo nyingine.

Hapa ndipo ukoo unapoingia, na hapa sina lugha ya kubembeleza. Kama mjomba, shangazi, mzazi au ndugu aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, au ni yule ambaye kwenye familia "hatumzungumzii", kijana wa ukoo huo asiiguse kabisa. Shida ni kwamba familia zetu huficha. Ukimwuliza bibi, atakwambia alirogwa. Mtoto anakua bila kujua kwamba ameshika kiberiti kwenye nyumba ya makuti.

Tusichanganye na hofu ya usiku mmoja. Mtu anaweza kuvuta kingi, akaona kila mtu anamsema, moyo ukamwenda mbio, akadhani anakufa. Mara nyingi hupita ndani ya saa chache akiwekwa mahali patulivu na mtu anayemwamini. Zikipita siku mbili tatu bado anasikia sauti, halali, anazungumza na asiyeonekana, apelekwe hospitali. Mengine yafuate baadaye.

Skanka na biskuti

Mzee mmoja wa mtaani kwetu hupenda kusema yeye alivuta tangu ujana wake wa ubaharia na bado anacheza bao vizuri. Huenda. Ila anachokikumbuka yeye na kinachouzwa leo vinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Nchini Marekani, ambako bangi inayokamatwa hupimwa kila mwaka, wastani wa THC ulikuwa takriban asilimia 4 mwaka 1995, na kufikia 2014 ulikuwa takriban 12. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mmea yanaweza kupita asilimia 60. Wazalishaji wamechagua mbegu zenye THC nyingi na CBD kidogo, na CBD ni ile kemikali nyingine ya mmea huu isiyolewesha, ambayo huenda hupunguza makali ya mwenzake. Huku kwetu jina linalosikika kila taarifa ya ukamataji ikisomwa ni skanka, bangi yenye THC nyingi. Kijana wa kijiweni hana maabara. Ananunua kete kwa jina na bei.

Biskuti na keki ni mtego wa aina yake. Moshi hufika kwenye ubongo ndani ya dakika, kwa hiyo mvutaji anajua amefika wapi. Chakula kinapita tumboni na kwenye ini kwanza, nusu saa mpaka saa mbili. Picha ni hii: wasichana wanne bwenini, biskuti moja kila mmoja saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili na nusu hakuna kitu. "Wametupiga hawa." Wanakula ya pili. Saa mbili usiku biskuti zote mbili zinafika pamoja, na ini limeshaigeuza THC kuwa umbo lenye nguvu zaidi, na halitoki mpaka alfajiri. Matroni anakuta mmoja anatapika na mwingine analia kwamba mikono yake si yake.

Arosto ipo

"Bangi haina arosto", yaani mateso ya kuacha, ni sentensi nyingine ya kijiweni. Ukilinganisha na heroini, unaelewa kwa nini wanasema hivyo. Lakini kadirio linalotumika kwa miaka mingi ni kwamba takriban asilimia 9 ya wanaojaribu bangi hufikia uraibu, na kwa walioanza ujanani inapanda mpaka takriban 17, yaani mmoja kati ya sita. Anayeacha baada ya kuvuta kila siku hukosa usingizi, huota ndoto kali, hukosa hamu ya kula, hukasirika kwa jambo dogo. Inakolea ndani ya wiki ya kwanza na hupungua baada ya wiki mbili hivi. Ubaya wake ni kwamba inafanana kabisa na tabia ya kijana yeyote mkorofi. Mama anaona mwanawe amekuwa mkali, kumbe ndiyo wiki anayojaribu kuacha. Anampiga. Mtoto anarudi kijiweni, kwenye msokoto wa kwanza hasira inashuka, naye anapata uthibitisho kwamba bangi inamtuliza.

Methadoni inayotolewa kwenye kliniki zetu ni ya waraibu wa heroini. Kwa bangi hakuna dawa iliyoidhinishwa. Kuna ushauri nasaha, na kwa vijana unasaidia zaidi familia ikishiriki. Pwani yetu kuna hatari ya ziada, kokteli, bangi iliyonyunyiziwa heroini, na si kila anayepewa huambiwa.

Mengine nitayapita haraka. Moshi wa bangi huleta kikohozi na makohozi ya kudumu kama wa sigara, ingawa uhusiano wake na saratani ya mapafu haujathibitika. Utafiti wa vijana 1,215 wa Denmark, wa mwaka 2015, ulikuta wanaovuta zaidi ya mara moja kwa wiki wana mbegu za kiume pungufu kwa asilimia 29. Hii nimegundua vijana huisikiliza kuliko IQ. Kuhusu sonona, mjumuisho wa tafiti 11 wa mwaka 2019 uliona waliotumia bangi ujanani wana uwezekano mkubwa kiasi wa kupata sonona wakifika utu uzima, na uwezekano wa kujaribu kujiua ulikuwa zaidi ya mara tatu. Huo ni uhusiano, na huenda huzuni ndiyo ilitangulia. Lakini mzazi anayekuta msokoto na kuishia kuuliza "umeupata wapi" bila kuuliza "unalala?" anaweza kuwa amekosa la muhimu.

Mbona Kanada wameruhusu?

Ndiyo, tangu Oktoba 2018. Ni dawa pia? Ndiyo, kwa namna fulani: mwaka huohuo Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya CBD kwa aina mbili adimu na kali za kifafa cha watoto. Inapimwa kwa mililita, haina ulevi wa THC, na haifanani na kilichomo kwenye karatasi ya Jiografia.

Kwenye hoja ya Kanada, soma sheria mpaka mwisho. Hakuna mkoa wao unaomuuzia mtoto wa chini ya miaka 18, na Quebec ilipandisha mpaka 21. Majimbo ya Marekani yaliyoruhusu starehe yote yaliweka 21. Ujerumani, iliyoruhusu Aprili 2024, imesema klabu ya wakulima wa bangi haitampa mwanachama wa miaka 18 hadi 21 kitu chenye THC ya zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo watu wanaotajwa kijiweni kama ushahidi kwamba bangi haina neno, kwenye umri wanakubaliana na mama yako.

Huku kwetu mjadala wa kuruhusu au kukataza unachukua nafasi yote, na suala la umri linakosa wa kulisemea. Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria watumiaji 518,807 wa miaka 15 hadi 65, karibu mara mbili ya miaka mitano nyuma. Shule nyingi zikimkamata mwanafunzi zinamfukuza. Sijawahi kuielewa hesabu hiyo. Kijana aliyekuwa kijiweni saa moja kwa siku, tunampa saa kumi na mbili.

Mama yule alitaka kipimo cha mkojo. Ninacho, nilimwuzia, ila nilimweleza: THC hukaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Aliyevuta mara moja hutoka safi ndani ya siku chache. Wa kila siku anaweza kuonyesha hata mwezi baada ya kuacha. Akimpima leo na Jumamosi ijayo, mistari itakuwa ileile, naye atampiga kwa dhambi ya mwezi uliopita. Nikamwomba amlete tuzungumze, bila fimbo.

Alimleta Jumapili mchana. Mrefu kuliko mama yake, kofia mkononi, macho chini. Nilimwuliza analala vipi, nikamwuliza babu zake pande zote mbili waliishia vipi. Mama akajibu upande mmoja na kunyamaza upande wa pili. Nilimweleza ya konda, ya mibuni, na ya abiria watatu wa basi la Mwanza, bila kuongeza chumvi. Alisikiliza kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza swali lake moja.

"Kwa hiyo anko, mtu angesubiri mpaka lini?"

Nikamwambia ubongo humaliza kukomaa karibu na miaka 25. Akahesabu kwa vidole, kimyakimya, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Hiyo miaka tisa."

"Tisa."

Akacheka. Mama yake hakucheka. Alikuwa bado anautazama mkono wa pili, ule wenye vidole vinne juu.